Mtu wa Kazi na Baba wa Nyumba

Kumkumbuka Askofu Mkuu Festo Olang'

Mazungumzo ya redioni. Masomo: 1 Timotheo 3:1-5 na Luka 10:30-35

 Twatumaini kwamba kazi za leo zimekwisha, ng'ombe wamefungwa, na chai imo kikombeni. Mwenye Biblia karibu na aifungue katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa tatu, aiache wazi magotini. Tutarudi hapo. Kwanza tungependa kuwaeleza jambo lililotupata matangani.

Majuma machache yaliyopita tuliitwa kumzika mzee mmoja wa kanisa katika upande huu wetu. Jina lake hatulitaji, maana wenyewe wangali katika huzuni. Alikuwa mtu wa kazi kweli kweli. Alifanya kazi mbali na nyumbani miaka mingi, akalipa karo ya watoto wake wote, akajenga nyumba ya mabati, akanunua shamba la pili, na kanisa letu lilipojengwa hakukosa harambee hata moja. Wasemaji walikuwa wengi, na kila mmoja alisema kweli. Mwisho akasimama kitinda mimba wake, kijana wa miaka kama ishirini. Akasema, "Baba alitupa kila kitu, nami namshukuru. Lakini ninyi wazee mliosema leo mlimjua kuliko mimi." Akaketi.

Sisi tuliokuwa tumesimama pale mbele na kanzu yetu tulishindwa kufungua kitabu cha sala kwa muda. Maana sisi nasi tuna watoto, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya nne mfululizo tukiwazika watu wa nyumba nyingine.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukimfikiri marehemu Askofu Mkuu Festo Habakkuk Olang'. Wengi wenu mnajua kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa letu la Kianglikana katika Kenya. Mambo ya kazi yake yameandikwa mahali pengi. Kuna kitabu kinachochapishwa Uingereza kila mwaka, chenye maisha ya watu mashuhuri kwa ufupi sana, na jina lake liliwekwa humo. Ukisoma habari zake utakuta vyeo vimefuatana kama ngazi: mwalimu, kasisi, askofu msaidizi, askofu, askofu mkuu. Halafu kuna mstari mmoja mfupi wa nyumbani. Mstari huo wasema kwamba alioa mwaka 1937, jina la mkewe ni Eseri, na walizaa wana 4 na binti 8. Basi. Watoto 12 wamewekwa katika nafasi isiyotosha kuandikia anwani ya barua. Jioni hii twataka tusome mstari huo pamoja, bila haraka.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1914 huko Bunyore, karibu na Maseno. Leo Bunyore ni ya Kaunti ya Vihiga, lakini sisi wa umri wetu tuliizoea kuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega, mpaka Vihiga ilipotengwa mwaka 1990. Aliyepita Maseno anajua kwamba mstari wa Ikweta umepita pale pale, na kwamba Mluhya na Mjaluo hukutana sokoni bila kuulizana njia. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Kasisi J. J. Willis wa Church Missionary Society, yule aliyekuwa Askofu wa Uganda baadaye, mwaka 1912. Msishangae kusikia Uganda. Nchi yetu hii ya magharibi ilikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda hata mwaka 1921, ndipo ikawekwa chini ya Mombasa. Mama yetu wa kwanza kikanisa ni Namirembe, na neno hilo mlishike, litatufaa mbele kidogo.

Mtoto huyu alizaliwa miezi mitatu baada ya vita vikuu vya kwanza kuanza. Wanaume wa sehemu zetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wakabeba mizigo mpaka Tanganyika, na wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, kodi ilibaki. Kila nyumba ilitozwa, na fedha hazikuota shambani. Zilipatikana katika mashamba ya walowezi, katika reli, na katika nyumba za Wazungu mjini. Hivyo ndivyo ilivyoanza ile desturi ambayo sasa twaiona kama sheria ya Mungu, kwamba baba akae Nairobi au Kericho au Mombasa, na mama akae na jembe na watoto, na baba aonekane Krismasi. Bunyore ni nchi ya mawe makubwa na mashamba madogo, watu wamejaa, na kwa hiyo ilipeleka wanaume wengi nje. Tunaposema leo juu ya baba wasiojulikana na watoto wao, tusiwalaumu tu watu wa siku hizi. Jambo hili lina umri wa miaka zaidi ya mia moja.

Jina lake nalo latuchekesha kidogo. Festo katika Matendo ya Mitume ni yule liwali wa Kirumi aliyemwambia Paulo kwamba kusoma kwingi kumemtia wazimu. Sijui ni mbatizaji gani wa kwanza aliyeliona jina hilo kuwa jema, lakini Afrika Mashariki limetupa watumishi wawili wakubwa, Festo Kivengere wa Uganda na huyu wetu. Huyu wetu hakuogopa kusoma. Alipata masomo ya Maseno, kisha akaenda Alliance High School huko Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana. Wakati huo reli ndogo ya kutoka Kisumu hadi Butere ilikuwa imekwisha kufunguliwa, ikipita Luanda, na kijana wa Bunyore aliweza kusikia filimbi ya gari la moshi akiwa shambani.

Mwaka 1936 akaanza kufundisha. Mwaka uliofuata akamwoa Eseri.

Hapa ndipo mstari wetu unapoanza, na tunaomba akina baba mnaotusikiliza msitoke nje bado. Fikirini mwalimu kijana wa mwaka 1937. Katika kijiji kizima huenda yeye ndiye mwenye mshahara unaokuja kila mwezi. Amevaa kaptula safi, viatu, anajua Kiingereza. Katika mawazo ya wazee, mtu kama huyo hakai na mke mmoja. Machifu wakubwa wa siku hizo walikuwa na wake wengi. Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949, alikuwa nao wengi kama desturi ya enzi yake, na hakuna aliyemcheka. Kuwa na mke mmoja ilikuwa alama ya ufukara au ya ukaidi. Kanisa lilikuwa na amri yake kali: maaskofu waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikata shauri kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, na ilichukua miaka 100 kamili, hata 1988, kabla mkutano kama huo kulegeza shauri hilo. Lakini amri haikai na mtu usiku nyumbani kwake. Wako wengi waliobatizwa kwa amri hiyo wakaoa wa pili kwa siri, nasi tumewazika tukijifanya hatuoni wajane wawili kando ya jeneza. Mwalimu Olang' na Eseri walianza wawili, na mstari ule wa kitabu hauna mke mwingine.

Kisha wakaja binti. Wanane! Wanyore na majirani zao wote wanajua maneno yanayosemwa juu ya nyumba yenye binti wengi. Mwenye ulimi mtamu husema, "Utapata ng'ombe." Mwenye ulimi mchungu husema, "Unawalea watu wa kwingine." Wote wawili wamemwona mtoto wa kike kama kitu kinachopita. Shule nazo zilisema hivyo hivyo bila kufungua kinywa. Ni kweli kwamba Bibi Jane Chadwick wa CMS alianza kuwafundisha wasichana Butere mwaka 1916, nasi watu wa Kakamega twajivunia jambo hilo. Lakini angalieni shule za juu. Wavulana Waafrika walifunguliwa Alliance mwaka 1926. Wasichana walipata yao, pale pale Kikuyu, mwaka 1948. Miaka 22 kati ya kaka na dada! Mzazi aliyekuwa na binti wadogo katika miaka hiyo hakupata mtu wa kumshauri awasomeshe. Ilimpasa aamue mwenyewe, na kila muhula aamue tena, karo ilipodaiwa.

Na hapa tuseme neno moja juu ya jirani yake, ili msidhani kwamba tunamsifu mtu mmoja tu. Canon Jeremiah Awori, kasisi wa Kianglikana wa sehemu hizi hizi, yeye na mkewe Mariamu walikuwa na watoto 17. Mmoja wao, Moody, alizaliwa Butere mwaka 1927 akawa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mapema 2008. Mwingine, Aggrey, alikimbia mbio za kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki kwa ajili ya Uganda na baadaye akawa waziri huko. Binti yao Mary Okelo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays, mwaka 1977, na mwaka uliofuata yeye na mumewe wakaanzisha shule za Makini. Na mwana mwingine, yule mwanasiasa na mwandishi wa magazeti W. W. W. Awori, herufi ya pili katika jina lake ilikuwa Work, maana yake Kazi. Tumewaona watu wakiwapa watoto majina ya mvua, ya njaa na ya nzige. Huyu kasisi na mkewe walimpa mtoto jina la kazi.

Tumrudie mwalimu wetu. Alifundisha hadi mwaka 1943, kisha akaacha. Alikwenda chuo cha theologia cha St. Paul's, kile kilichoanzia Frere Town karibu na Mombasa na kuhamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 1945 akawekewa mikono. Ukiyasoma haya upesi utadhani amepanda cheo. Sisi tuliopita chuoni twajua sivyo. Mwalimu wa shule iliyosaidiwa na serikali alikuwa na mshahara uliojulikana. Kasisi Mwafrika alilishwa na sadaka za washarika wake, na sadaka za washarika ni mahindi, mayai, kuku, na senti chache zilizofungwa katika ncha ya leso. Mara nyingi mwalimu mkuu wa shule ya kanisa alipata zaidi kuliko kasisi aliyekuwa msimamizi wake. Mtu mwenye mke na nyumba inayoongezeka, aliyekwisha kuonja mshahara wa miaka saba, anaposhuka kwa hiari kwenda kwenye sadaka, nani analipa bei ya wito huo?

Swali hili huulizwa mara chache sana katika ibada za kuwekea mikono. Tunamwuliza anayewekwa kama anaamini ameitwa. Tunawauliza washarika kama wanamkubali. Mama anayekaa benchi la mbele na mtoto mgongoni haulizwi kitu, nao wito umemchukua yeye mzima, na sufuria zake. Eseri hakuwa na kanzu, lakini mwaka 1945 alishushwa mshahara pamoja na mumewe.

Baadaye kasisi huyu alipelekwa Wycliffe Hall, Oxford, kwa masomo zaidi, akarudi. Kisha ikaja tarehe 15 Mei 1955. Siku hiyo, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury Geoffrey Fisher aliwaweka wakfu Waafrika wanne kuwa maaskofu wasaidizi: Yohana Omari wa Tanganyika, Daniel Deng Atong wa Sudani, Obadiah Kariuki wa nchi ya Wakikuyu, na Festo Olang'. Uganda ilikuwa imetangulia kupata askofu Mwafrika, Aberi Balya, mwaka 1947. Kwa Kenya hawa wawili ndio wa kwanza. Na ilikuwa wakati gani? Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu 1952, Wakristo walikuwa wameuawa, wengine wamo kizuizini, kabila lilimshuku kabila. Mkikuyu na Mluhya walipiga magoti pamoja Namirembe, katika nyumba ya mama yetu wa zamani, siku ambayo nchini mwao watu wengi hawakuweza kusafiri bila kibali.

Alikuwa na umri wa miaka 40, baba wa nyumba kubwa. Dayosisi ya Mombasa wakati huo ilikuwa Kenya nzima. Nasi Waanglikana tuna kanuni ambayo ndugu zetu Wakwekeri wa Kaimosi na wa Church of God wa Kima huenda hawaijui: ni askofu peke yake anayewawekea mikono waumini ili washiriki Meza ya Bwana. Kasisi hawezi. Kwa hiyo kila kanisa dogo la udongo lililo kando ya mto lamngoja askofu, na lamngoja siku ya Jumapili. Siku ile ambayo baba wengine wapo nyumbani, siku hiyo ndiyo baba huyu hayupo.

Sasa itazameni Biblia iliyo magotini. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba askofu awe mume wa mke mmoja, mwenye kuisimamia nyumba yake vema. Kisha anauliza, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake, atalitunzaje Kanisa la Mungu? Tulipokuwa chuoni mwalimu wetu wa Kiyunani alituonyesha jambo ambalo hatujalisahau. Paulo anatumia maneno mawili. Kwa nyumba anatumia neno la kuongoza, la kusimama mbele. Kwa Kanisa anatumia neno jingine, la kutunza, na neno hilo ni adimu katika Agano Jipya. Lapatikana tena katika Luka mlango wa kumi, katika habari ya Msamaria. Msamaria alimfikisha yule mtu aliyejeruhiwa kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Asubuhi akatoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze. Ni neno lile lile mara zote.

Tumeihubiri habari hiyo labda mara hamsini, na kila mara tumemsifu Msamaria. Lakini angalieni: Msamaria alikaa usiku mmoja. Kulipokucha akaondoka, alikuwa na safari. Aliyebaki akibadilisha vitambaa, akichemsha maji, akimwinua mgonjwa anywe uji, ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakuna kanisa wala hospitali iliyopewa jina lake. Alipewa fedha ya siku chache na ahadi ya mtu aliyeaga.

Ndugu, kila nyumba ya mtumishi ina mtu huyo. Na kila nyumba ya mtu wa kazi, awe dereva wa lori, karani, askari, au mchuma chai. Tunapomkumbuka mtu wa bidii tunamkumbuka kana kwamba alifanya bidii hiyo peke yake. Askofu Olang' alisafiri Kenya nzima, kwa sababu mlango wa nyumba yake ulikuwa na mtu.

Mnaweza kutuuliza: je, basi yeye ni tofauti gani na yule mzee tuliyemzika, naye pia hakukaa nyumbani? Swali hilo ni la haki, nasi tumelala nalo usiku kadhaa. Tunadhani jibu linaanza katika lile neno la mwisho la Msamaria, kwamba atakaporudi atalipa. Alisema "nitakaporudi". Hakujihesabu kuwa amemaliza kwa sababu ametoa dinari. Mzee wetu alidhani dinari ndiyo utunzaji wenyewe. Wengi wetu twadhani hivyo. Karo ikilipwa, tumekwisha kuwa baba.

Olang' alipimwa kwa neno hilo la kutunza mapema, wala si nyumbani tu. Mwaka 1957, miaka miwili baada ya Namirembe, Kanisa katika Nyanza lilipasuka. Uamsho ulioingia kwetu tangu mwaka 1938 ulikuwa umeleta toba na uzima, lakini pia ulileta ugomvi kati ya waliojiita waliookoka na waliohisi wanahukumiwa nao. Kundi lililoitwa Johera, yaani watu wa upendo, likiongozwa na Kasisi Matthew Ajuoga, lilitoka na kuanzisha Church of Christ in Africa. Makasisi walitoka, walimu walitoka, jamaa moja iligawanyika, kaka huku na dada kule. Na mwaka 1961, Dayosisi ya Maseno ilipotengwa na Mombasa, ni Olang' aliyepewa kuwa askofu wake. Alipewa nyumba iliyokwisha kupasuka ukuta. Luo na Luhya humo, waliookoka na wanaonung'unika humo, na waliotoka wakiwa majirani wa kila siku sokoni.

Hatutasema kwamba aliponya yote. Kanisa lile lililotoka halikurudi, lipo mpaka leo, na kati yao tuna rafiki wa kweli. Lakini kwa miaka tisa alikaa askofu wa watu wa lugha mbili, naye Mnyore, hata katika mwaka ule mchungu wa 1969, Tom Mboya alipouawa Nairobi mwezi wa Julai na damu ikamwagika Kisumu mwezi wa Oktoba. Dayosisi ilipogawanywa mwaka 1970 kuwa Maseno Kaskazini, yenye makao yake hapa Kakamega, chini ya Askofu James Mundia, na Maseno Kusini, chini ya Askofu Evan Agola, iligawanywa kwa utaratibu, watoto wakiondoka nyumbani wakati wao ulipofika.

Yeye mwenyewe mwaka huo huo akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Kenya na Askofu wa Nairobi. Mambo ya miaka tisa iliyofuata ni mengi, na wengine wameyaeleza vizuri kuliko sisi: Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana Nairobi mwaka 1975, Waganda waliokimbilia kwetu baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, mazishi ya Mzee Kenyatta mwaka 1978. Mwaka 1979 akastaafu, na Manasses Kuria akashika kiti chake. Mwaka 1991 kumbukumbu za maisha yake zilitolewa kitabuni na Uzima Press. Alifariki mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 89.

Hesabuni nasi. Tangu 1979 hadi 2004 ni miaka 25. Alikuwa askofu, na askofu mkuu, miaka 24. Mungu alimpa miaka mingi nje ya kiti kama ile aliyompa kitini, na kidogo zaidi. Watu wengi wa kazi hawapati miaka hiyo, au wakiipata hawajui waitie wapi, kwa maana wamerudi katika nyumba ambayo wao ni wageni ndani yake. Wanazunguka sebuleni wakitafuta mkutano wa kuongoza. Tumewaona, na akina mama mnaotusikiliza mnacheka kwa sababu nanyi mmewaona.

Tulipotoka matangani siku ile, tulifika nyumbani saa mbili za usiku. Mama watoto alikuwa ameweka ugali na mboga kando ya moto. Hatukumweleza aliyosema yule kijana. Tulikula kimya, naye hakuuliza. Siku ya Jumatano likaja tena ombi, watu wa mtaa mwingine, maziko siku ya Jumamosi. Tulimwomba mwinjilisti wetu aende badala yetu, naye ni mtu wa sala na anajua kazi hiyo. Basi Jumamosi asubuhi tukatoka na jembe kwenda kupalilia mahindi pamoja na mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka minane. Tulilima mstari wa kwanza hata mwisho, na wa pili. Katika wa tatu akasimama, akatutazama sana, akauliza, "Baba, wewe ni mgonjwa?"